Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, lakini maana yake tuliipata mwezi uliopita, shule zilipofungwa na rafiki zetu wa Nairobi wakatutembelea pamoja na watoto wao watatu. Sisi wenyewe si wazawa wa Kwale. Tulihamia Ukunda miaka saba iliyopita kwa ajili ya kazi. Hata hivyo, tulijiona wenyeji kamili, tukapanga matembezi ya siku tatu, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kumkirimu mgeni ni siku tatu.

Siku ya kwanza ilikuwa ya Diani. Tuliteremka ufukweni baada ya Alfajiri, kabla jua halijawa kali, watoto wakakimbizana na kaa mchangani. Kisha tukawaonyesha madaraja ya kamba yaliyotandazwa juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Adhuhuri tulikuwa Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini. Msikiti huu wa mawe ya matumbawe umesimama kwa karne kadhaa, umezungukwa na mibuyu, na hadi leo unaswaliwa. Tulikuta jamaa imekwisha, basi mgeni wetu akatuswalisha. Yeye ni msafiri, akakasiri. Alipotoa salamu baada ya rakaa mbili, sisi tuliinuka kukamilisha nne. Tulifurahi moyoni. Rakaa mbili zile zilikuwa ushahidi kwamba hapa ni kwetu.

Siku ya pili tulikwenda Shimoni. Tulipita Msambweni, tukavuka Mto Ramisi, kisha tukashika njia ya kushoto hadi kijijini. Jina la Shimoni limetokana na pango lililopo hapo, ambalo wenyeji wanasimulia kuwa mateka walifungiwa ndani yake wakisubiri kupakiwa majahazini. Mwongozaji wetu alituonyesha vyuma vilivyobaki ukutani. Alitueleza kuwa mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini katika pwani yetu utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907.

Msichana wa miaka minane, mdogo wa wale watatu, akashika kile chuma, akauliza: "Waliowafunga watu hapa walikuwa wakiswali?"

Sisi watu wazima tulitazamana. Ingekuwa rahisi kusema kwamba walikuwa watu wa mbali, wa dini nyingine, na wa zama nyingine. Lakini mtoto hakirimiwi kwa uongo. Baba yake akamjibu: "Ndiyo, mwanangu. Wengine hawakuswali, na wengine waliswali." Akamkumbusha habari za Bilal (r.a.), na kwamba Surat al-Balad imetaja kumwacha huru mtumwa kuwa ni katika kupanda ile njia nzito. Akasema: "Walijua, lakini faida iliwafumba macho." Tulitoka pangoni kimya, tukaketi gatini tukikitazama Kisiwa cha Wasini ng'ambo ya maji.

Tulifika nyumbani Magharibi. Binti anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa ametuandalia wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha. Tulipoketi kwenye mkeka, msichana yule akauliza tena: "Mbona dada hakuja nasi?"

Tukasema alikuwa na kazi. Jibu hilo lilikuwa kweli, lakini halikututuliza. Binti huyu ni mzaliwa wa Msambweni. Siku ile tulipita mji wao mara mbili, kwenda na kurudi, na gari lilikuwa na nafasi. Haikutujia hata mara moja kwamba angependa kumsalimu mama yake. Hatusemi kuwa hali yake ni ya wale wa pangoni. Analipwa mshahara wake, na ana siku yake ya kupumzika. Lakini tumeishi naye miaka miwili, tukiwatembeza wageni katika nchi yake, naye tukimwacha jikoni. Macho yetu nayo yalikuwa yamefumbwa, na kilichoyafumba kilikuwa ni mazoea tu.

Usiku ule tulimwomba radhi, tukamwuliza angependa kwenda wapi. Kwa haya akajibu: kwanza kwa mama, kisha Gazi, anakoishi shangazi yake.

Basi siku ya tatu yeye ndiye aliyetuongoza. Msambweni mama yake alitupokea kwa madafu na mihogo ya kuchemsha, akamshika binti yake mkono muda wote tuliokaa. Gazi tulipita juu ya njia ya mbao inayoendeshwa na akina mama wa kijiji katikati ya mikoko. Sisi tulijua neno mikoko tu. Yeye aliwafundisha watoto kutofautisha mkoko, mchu, muia na mkandaa kwa majani na mizizi yake. Aliwaeleza kuwa tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiitunza misitu hiyo, na kwamba fedha zinazopatikana kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa huenda kwenye maji na shule za vijiji. Hatukuwahi kumsikia akizungumza kwa muda mrefu namna ile. Jioni tulikula sote katika sinia moja.

Akina mama wenzetu, msimu wa wageni unapofika sisi huhesabu vitanda, mashuka na vikombe. Tuhesabu pia waliomo nyumbani, tuone nani amesahauliwa. Wageni wetu wamekwisha rudi Nairobi. Juzi walipiga simu kutushukuru, na msichana wa miaka minane, kabla hajatusalimu sisi, aliomba kuzungumza na dada.