Kituo cha Kwanza

Mhitimu wa pwani anayepangiwa kufundisha Bariadi huianza safari na hesabu mbili kichwani: ya mshahara wa kwanza na ya siku zilizobaki kabla ya kuomba uhamisho. Mji huo, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, hauna harufu ya bahari. Una mashamba ya pamba, makundi ya ng'ombe na vumbi la kiangazi. Ugeni mkubwa zaidi umo katika ulimi. Kiswahili alichokinyonya kwa mamaye, watoto wengi wa darasa la kwanza ndio kwanza wanajifunza, kwani nyumbani kwao husemwa Kisukuma. Mwenye lugha hujikuta mwanafunzi.

Hapo hulazimika kuchagua: ama ajifungie chumbani akisubiri barua, ama ajifunze kuitikia "mwangaluka" kila asubuhi na kuizoea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Aliyechagua la pili huenda naye akaomba uhamisho, maana wazazi huzeeka mbali. Lakini siku ya kuondoka atakuwa na watu wa kuwaaga.