Eko ya Kupitia Kooni

Naishi na valvu ya bandia upande wa kushoto wa moyo. Ile niliyozaliwa nayo iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyotokana na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa. Hii ya sasa ni pete yenye vibati viwili vya kaboni ngumu, na kila inapofunga hutoa mlio mdogo ambao hata mume wangu huusikia usiku. Kwa miaka mingi, nikiusikia mlio huo na mwili ukiwa na nguvu, nilijihesabu mzima.

Kisha warfarini, dawa inayozuia damu kuganda, ikaadimika wilayani kwetu. Mlio ukafifia. Pumzi ikakata, nikawa nalala nimekaa. Hospitali ya kwanza walinipima eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kupitia kifuani, wakasema moyo unasukuma damu vizuri, wakanipa dawa za nimonia. Moyo kweli ulikuwa unasukuma. Lakini valvu ya bandia huyazuia mawimbi ya sauti na kuacha kivuli nyuma yake, na humo kivulini ndimo ugonjwa ulimojificha.

Daktari wa moyo aliyenipokea baadaye alianza na swali: "Mama, majibu ya eko ya baada ya upasuaji unayo?" Nilikuwa nayo. Akalinganisha: kasi ya damu kwenye valvu ilikuwa imepanda mno. Damu ikipita penye upenyo mwembamba lazima iende mbio. Akaagiza eko ya kupitia kooni.

Wanakupulizia ganzi, unameza mpira mwembamba wenye kifaa kwenye ncha. Si raha, nasema kweli. Ila umio unapita nyuma ya moyo, kwa hiyo picha inachukuliwa kutoka upande usio na kivuli. Baadaye alinionyesha: kibati kimoja kinacheza, cha pili kimeganda, kimebanwa na bonge la damu. Ingekuwa nyama ya kovu, dawa isingeiyeyusha. Ningerudi kwenye kisu. Nilitundikiwa dripu ya kuyeyusha bonge polepole, picha zikirudiwa, mpaka kibati cha pili kikafunguka.

Sasa naenda kupimwa eko hata nikiwa sina dalili yoyote. Ndugu yangu mwenye valvu ya bandia, tunza majibu ya eko yako ya kwanza baada ya upasuaji na uyabebe kila uendako. Pumzi ikibadilika, usikubali kurudi nyumbani kabla mtu hajayalinganisha na ya leo.