Bomba la Moshi la Motokaa Yetu

Sisi walimu watatu wa shule moja karibu na Tanga tuna motokaa moja. Tuliinunua kwa kuchanga, nayo ilikuwa imekwisha kutumika miaka mingi Japani na miaka mingine hapa kwetu. Tangu siku ile imekuwa kama punda wa kijiji: hubeba madaftari, hubeba wagonjwa, hubeba mahindi ya shule, na kila asubuhi huwabeba watoto wetu. Hatukuinunua kwa uzuri wake. Basi mwezi wa Aprili mwaka 2024, masika yakiwa yamekolea, ilipoanza kunguruma kuliko desturi yake, hatukushtuka. Tulisema ni uzee.

Tuliinama tukatazama, tukaona tundu katika bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, mahali lipitapo chini ya kiti cha nyuma. Mmoja wetu akakata mkebe wa maziwa ya unga, tukauzungusha juu ya tundu, tukaukaza kwa waya wa kufungia nondo. Kelele zikapungua, nasi tukajisifu kwa kuokoa fedha ya fundi. Hapo ndipo tulipokosa, na twaandika haya kwa sababu ya kosa lile.

Mvua zilikuwa nyingi, madirisha tukayafunga. Katika wiki ile ile mtoto wa mmoja wetu, binti wa miaka saba ambaye kiti chake ni nyuma upande wa kushoto, alianza kulalamika kichwa kila tufikapo shuleni. Siku ya tatu akatapika penye lango. Tulilaumu uji. Kisha tulimpeleka zahanati, akapimwa malaria, hakuonekana nayo. Wenzake walioketi upande wa pili walisema nao kwamba vichwa viliwagonga kidogo, lakini hatukuwasikiliza. Ikapita Jumamosi na Jumapili, mtoto mzima kabisa, anacheza. Jumatatu kichwa tena. Enyi wasomaji mlio walimu mwajua tulivyofikiri. Mtoto augua siku za shule tu, na kipindi cha kwanza ni hesabu! Basi tulimweka darasani wakati wa mapumziko afanye hesabu alizozikosa, wenziwe wakicheza nje.

Wiki ya tatu tulichelewa njiani kwa ajili ya lori lililokwama matopeni. Tulingoja yapata nusu saa, mvua ikinyesha, injini ikiunguruma na madirisha yamefungwa. Tulipofika, watoto wengine walishuka wakiyumba, na yule binti hakushuka. Alikuwa amelala. Tulimwita, tukamtikisa, akafumbua macho asitutambue. Tulimbeba mpaka barazani penye upepo, kisha tukampeleka hospitali kwa motokaa ya mtu mwingine. Alasiri alikuwa akizungumza. Mganga akatuuliza alikuwa wapi kabla ya kulala, nasi tukatazamana.

Jirani yetu ni mzee aliyefanya kazi ya ufundi katika karakana ya reli tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Jioni ile tulimwendea, tukamwamkia shikamoo, tukamweleza. Hakutujibu neno juu ya mtoto. Akauliza, "Wanangu, hiyo motokaa iko wapi?" Akaamuru isukumwe mpaka uwanjani, mbali na nyumba, ndipo iwashwe. Akalowanisha kitambaa kinene, akaziba ncha ya bomba nyuma kwa kitambo kidogo tu, akatega sikio. Moshi uliokosa njia ukapiga mluzi chini ya mkebe wetu wa maziwa. Akazima injini, akafungua mlango, akainua zulia la nyuma upande wa kushoto. Sakafuni palikuwa na tundu la duara, kubwa kama sarafu, lililowekwa na waliounda motokaa na kuzibwa kwa kizibo cha mpira. Kizibo hakikuwapo. Tuliona ardhi kwa tundu lile, na kandokando yake masizi meusi. Miguu ya mtoto hukaa papo hapo.

Yafaa tueleze hewa hiyo, maana wengi hudhani ya kuwa moshi usioonekana si moshi. Petroli isipoungua yote hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Ikiingia katika damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikawa inazunguka mwilini bila kubeba kitu cha kufaa. Kwanza kichwa huuma, kisha kichefuchefu, kisha usingizi, na wengine hawaamki katika usingizi huo. Aliyetolewa penye hewa safi huhitaji saa nne hata sita ili sumu ile ipungue kwa nusu tu. Ndiyo sababu binti yetu alikuwa mzima siku za mapumziko. Siku hizo hakupanda motokaa.

Kesho yake, ilipokuwa Jumamosi, tulianza kazi. Mtu mmoja wa gereji bubu alikuwa tayari kuja kuchomea kiraka kwa moto, lakini mzee alikataa: bati la bomba lilikuwa jembamba kama karatasi, na tangi la petroli lilikuwa karibu. Tuliegesha motokaa penye saruji, tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, tukainua kwa jeki. Mmoja wetu akaanza kujipenyeza chini. Mzee akamshika mguu. "Jeki ni ya kuinulia, mwanangu, si ya kulalia." Hatukuingia mpaka magogo mazito ya mvule yalipowekwa chini ya sehemu imara za mwili wake, nasi tukaisukuma motokaa kuona kama inacheza.

Nati tulikuwa tumezipaka mafuta tangu usiku. Mbili zilikubali spana, ya tatu ikakatika, ya nne tuliikata kwa msumeno. Kisha mzee alitufundisha kugonga bomba kwa nyundo ndogo: penye chuma kizima hulia, penye kuoza hujibu kwa sauti nzito kama mtungi uliopasuka. Tulidhani tutakata shubiri moja. Tulikata karibu mita nzima. Kutu ilianguka usoni kama ugoro, na asiyevaa miwani alijuta.

Mwenye kuuliza mbona bomba huoza kwa ndani, na ajue ya kuwa lita moja ya petroli ikiungua hufanya maji karibu lita moja. Safari ndefu huyakausha kwa joto. Safari zetu za kwenda shuleni ni fupi, maji hubaki bombani, na kwa nje hewa ya bahari huleta chumvi yake. Pia tuliona jambo ambalo hatukulitarajia. Kwa mbele, mahali ambapo pangekuwa na lile kasha lenye vitundu kama sega la nyuki, ambalo mafundi huliita masega, palikuwa na kipande cha bomba tupu kilichounganishwa vibaya. Ndani ya masega mna platini, paladiamu na rodiamu, nayo yakipata moto wa kutosha hugeuza sehemu kubwa ya sumu ile. Kwa ajili ya madini hayo hukatwa na kuuzwa. Mwenye motokaa aliyetutangulia, au fundi wake, alikwisha kuyauza. Sisi hatukuweza kununua mengine, twakiri hivyo.

Bomba jipya lilitafutwa mjini, ndani yake sawasawa na unene wa nje wa lile la zamani, ili livalie juu yake. Mwalimu wetu wa hesabu ndiye aliyepima. Akapima pengo kwa uangalifu mkubwa, akasahau sentimita 5 za kuvalia upande huu na sentimita 5 upande wa pili. Likaja bomba fupi kwa sentimita 10, tukarudi mjini kwa daladala. La pili likavaa vema. Tuliliweka kwanza kwenye mipira yake ya kuning'inizia, tukaangalia kama haligusi sakafu wala ekseli, kisha tukapaka dawa ya kuziba istahimiliyo moto, na mwisho tukakaza vikuku vya chuma. Sakafuni tuliweka kizibo kipya. Mzee akaleta tena kitambaa chake, akaziba, akasikiliza muda mrefu. Hapakuwa na mluzi.

Mwalimu wa hesabu alimwomba yule binti radhi mbele yetu. Jumatatu alipanda, akaketi kiti chake kile kile, akafungua dirisha. Mvua ilimlowesha bega lote la sare mpaka shuleni, na hapana mmoja wetu aliyemwambia afunge.