Ukinunua Vyumba, Umenunua na Paa

Mtu akikwambia kwamba amepata nyumba katikati ya jiji la Dar es Salaam, swali la kwanza utakalomwuliza ni bei, la pili ni idadi ya vyumba, na la tatu ni mahali pa kuegesha gari. Ni maswali ya haki. Lakini kwa mwenye nia ya kununua sehemu katika jengo la zamani, liko swali jingine ambalo aghalabu husahauliwa: paa ni la nani?

Swali hilo lilitukabili sisi wenyewe tulipotafuta makazi. Tulikuwa watu watano: mimi, mke wangu, watoto wawili wa shule ya msingi na mama mkwe, ambaye alikuwa ameuza shamba lake la Mkuranga na hakutaka fedha yake iishie katika matumizi ya siku hadi siku. Fedha ilikuwa yake, nayo ilikuwa jasho la maisha yake yote. Hatukuwa na ruhusa ya kubahatisha. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kiwanja upande wa Chanika, chenye nafasi ya kufuga kuku na kupanda miembe. Ya pili ni vyumba vitatu katika ghorofa ya pili, ambayo ndiyo ya juu kabisa, ya jengo moja nyuma ya Mtaa wa Jamhuri, si mbali na soko la Kisutu.

Jengo hilo limechorwa mwaka wake juu ya ukuta wa mbele: 1937. Lilisimamishwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili, katika eneo lililoitwa Uhindini wakati wa ukoloni. Wafanyabiashara wa mitaa ile waliweka duka chini na makazi juu, kwa kuwa mwenye duka hakupenda kulala mbali na mali yake. Desturi hiyo ya biashara ndiyo iliyotuachia mitaa ambayo mtu aweza kuimaliza kwa miguu. Mboga ziko Kisutu. Vitabu viko Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967. Matibabu yako Mnazi Mmoja. Samaki wako Feri. Na mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yanapita Barabara ya Morogoro. Kwa mtoto wa shule, makazi ya namna hii humpunguzia saa za kusimama ndani ya daladala, na saa hizo humrudia kama usingizi na masomo.

Pengine utashangaa kwamba sehemu ya jengo kama hilo yaweza kuuzwa. Mwaka 1971 sheria ilihamishia mikononi mwa taifa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi. Yalisimamiwa na Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi hiyo ikaunganishwa na ya Shirika la Nyumba la Taifa. Jengo ninalolizungumzia, kwa udogo wake, lilibaki kwa mwenyewe. Warithi wake waliligawa katika sehemu sita na kuziuza kwa kufuata sheria ya mwaka 2008, ambayo humpa mnunuzi hati ya vyumba vyake pamoja na fungu lake katika vile vinavyotumiwa na wote, yaani ngazi, mabomba ya pamoja, kuta za nje na paa.

Vyumba tulivyoonyeshwa vilikuwa vimekarabatiwa vikang'aa: marumaru sakafuni, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini na rangi nyeupe kila mahali. Mke wangu ni muuguzi, na hamwamini mgonjwa kwa uzuri wa shuka lake. Akaomba tumlete fundi mzee. Fundi akafungua kipande cha dari penye taa, akaingiza mkono na nyundo ndogo, akagonga zege la juu. Upande wa chumbani lilitoa sauti ngumu. Upande wa baraza lilitoa sauti ya debe tupu.

"Mwanangu," akaniambia, "nondo zimeingia kutu. Maji haya hayatoki humu ndani. Yanatoka juu."

Akatueleza kwamba nondo ikila kutu hutanuka, na ikitanuka huligawanya zege mpaka vipande vianze kudondoka. Na kwamba hewa ya chumvi ya pwani huuharakisha ubovu huo. Akatuonyesha na la pili. Kuta za mawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa tena. Ukizipiga lipu ya saruji na kuzipaka rangi ya mafuta, unyevu hufungiwa ndani, na masika yakipita rangi huvimba na kubanduka. Hata madirisha yale mapya yalikuwa na hasara yake: dirisha la mbao la zamani hufunguka lote, na lile la kuteleza hufunguka nusu.

Wapo waliotushauri tuachane na majengo makuukuu kwa usalama wetu. Tukakumbuka kwamba jengo lililoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013 na kuua zaidi ya watu 30 lilikuwa jipya, bado linajengwa. Umri wa jengo peke yake haukupi jibu. Lazima lipimwe.

Basi mama mkwe akatoa sharti: hatalipa hata senti moja mpaka wenye sehemu zote sita wakubaliane kulitengeneza paa. Jirani wa mlango wa pili, mwalimu mstaafu ambaye kila masika hutega ndoo sebuleni, alikubali upesi. Wa ghorofa ya kwanza wakakubali kwa shingo upande. Wenye maduka mawili ya chini wakakataa, wakisema mvua haiwafikii.

Mama hakugombana nao. Alishuka mwenyewe, akakaa juu ya gunia la mchele la mmoja wao, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, nguzo hizi za duka lako zimebeba nini?"

Mwenye duka alitazama nguzo, akatazama dari, akacheka. Jioni ile alitia saini, na mwenzake akafuata baada ya siku nne. Kila mmoja alichanga kwa kadiri ya ukubwa wa sehemu yake. Paa likazibwa na zege bovu la baraza likatengenezwa kabla ya masika, na sisi tukanunua.

Sitakuficha, msomaji, kwamba tumepoteza pia. Hatuna kuku wala mwembe. Ngazi ni 44, na mama huzipanda mara moja tu kwa siku, akipumzika kwenye kigoda ambacho mwalimu amekiweka njiani. Lakini asubuhi hushuka mwenyewe kwenda sokoni, bila kumngoja mtu wa kumpeleka, na uhuru huo asingeupata kwa urahisi kule mbali.

Kwa hiyo, ukiitwa kutazama nyumba ya ghorofa ya zamani, usiishie vyumbani. Panda mpaka juu kabisa uone maji yanakwenda wapi. Gonga dari. Uliza kama wenye sehemu wana chama, kama wana mfuko wa matengenezo, na lini walikutana mara ya mwisho. Wakikosa majibu, wakutanishe kabla hujatoa fedha, maana ukishalipa hutakuwa na nguvu ile tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ya ghorofa, ufa wa jirani ni wako pia, na ukuta mtaujenga pamoja.