Mchezo wa Mtu Mzima

Watu wengi hudhani kuwa mchezo ni mali ya utoto, na kuwa mtu akiisha ota ndevu hana budi kuuacha kama aachavyo nguo iliyombana. Mtoto akicheza husifiwa kuwa ana afya. Mzee akicheza huulizwa ana nini. Lugha yenyewe imekwisha andaa hukumu ya kesi hii, kwa kuwa aonekanaye akifanya jambo lisilolingana na umri wake huitwa mtu mzima ovyo, na maneno hayo matatu yametosha kuwarudisha wengi ndani ya nyumba zao, wakaketi humo pamoja na heshima yao na uchovu wao. Walakini hukumu iliyotangulia ushahidi si hukumu ya haki. Yafaa ushahidi usikilizwe kwanza, na mahali pazuri pa kuusikilizia ni Mtae.

Mtae ni kijiji kilichoko ukingoni mwa Usambara ya Magharibi, upande wa kaskazini, mwisho wa barabara ndefu itokayo Lushoto ikizunguka milima na mabonde. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, na mbele yake ardhi hukatika ghafula. Asimamaye pale huona chini yake nyika ya Mkomazi imetandazwa kama mkeka. Upande mmoja husimama milima ya Upare, na siku ya hewa safi theluji ya Kilimanjaro huonekana kwa mbali. Tangu zamani Wasambaa hutofautisha nchi mbili: Shambaai, ndiyo milima yenye mvua na migomba, na nyika, ndiyo bonde la joto na ukame. Katika Mtae nchi hizo mbili hutazamana uso kwa uso. Kunguru wenye shingo nyeupe hutanda juu ya genge, wakapandishwa na upepo bila ya kupiga bawa. Mtu aliyezaliwa mahali kama hapo amefundishwa toka utotoni kutamani kuruka.

Mchezo wa kuongoza chombo kutoka mbali si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Kabla ya betri na mawimbi ya redio palikuwako gari la waya. Mvulana aliokota waya, akaukunja kwa mawe na meno mpaka ukawa boneti, mlango na ekseli. Akakata magurudumu katika kandambili kuukuu. Kisha akafunga fimbo ndefu iliyotoka katika magurudumu ya mbele ikafika kifuani pake, na juu ya fimbo ile akaweka usukani. Alikimbia nyuma ya gari lake akilielekeza kulia na kushoto, na injini ilikuwa mdomo wake mwenyewe. Asili yote ya mchezo huu imo katika fimbo ile. Mkono uko hapa, gurudumu liko kule, na baina yao pana kitu kinachochukua amri. Kazi ya wavumbuzi waliofuata ilikuwa kurefusha fimbo mpaka isionekane.

Fimbo isiyoonekana ilidhihirishwa mbele ya watu mwaka 1898, Nikola Tesla alipoonyesha mjini New York mashua ndogo iliyogeuka katika maji kwa amri ya mawimbi bila ya kuguswa na mtu. Mwaka 1935 Waingereza walirusha ndege isiyo na rubani, iliyoitwa Queen Bee, ili wapiga mizinga wao wajifunze shabaha. Ndipo ufundi ule ulipotoka mikononi mwa majeshi na wataalamu ukaingia katika nyumba za watu. Mwaka 1966 kampuni moja ya Italia ilianza kuuza gari dogo lililoongozwa kwa redio, na mwaka 1976 Tamiya ya Japani ilitoa Porsche yake ya kwanza ya namna hiyo. Waliozinunua hawakuwa watoto peke yao. Baba walisema wamewanunulia wana, na wana wakangoja zamu yao mpaka jua likachwa. Mwaka 2013 kampuni ya DJI ya China ilitoa ndege ndogo yenye mapanga manne, iliyoweza kusimama hewani kama nyuki mbele ya ua. Na katika Tanzania vyombo vya jinsi hiyo vikaitwa kwa jina zuri la ndege nyuki.

Na ichukuliwe mithali ya fundi seremala wa Mtae mwenye miaka hamsini. Kutwa hupiga randa, na jioni huhesabu madeni. Mwanawe aliyeko mjini akamletea gari dogo la rimoti lililotumika, betri yake imechoka na gurudumu moja limepasuka. Fundi hulitazama siku tatu bila ya kuligusa, maana majirani wapo. Siku ya nne hulifungua. Huona ndani mpokezi mdogo anayenasa mawimbi, mota inayozungusha ekseli, na kijimota kingine kinachovuta magurudumu ya mbele kulia au kushoto kwa kiasi kile kile ambacho kidole kimesukuma. Kwa mtu aliyepata kuendesha gari la waya, hayo si maajabu, bali ni jamaa aliyepotea akarudi amevaa nguo mpya. Hutengeneza gurudumu kwa mpira wa ndara, hununua betri nyingine, na jioni hulitoa uani.

Hapo ndipo aibu yake huanza, na hapo ndipo elimu yake huanza vile vile. Gari likimwacha likaenda mbele, mkono wa kulia ni kulia na mkono wa kushoto ni kushoto. Lakini likigeuka likamjia, mambo yote hupinduka: asukumapo kulia, macho yake huliona likienda kushoto. Kila anayeanza mchezo huu huligonga gari lake ukutani kwa sababu hiyo. Dawa yake ni moja tu. Yapasa mwongozaji aache kukaa katika mwili wake, ajitie kwa fikira ndani ya chombo kile kidogo, na kuitazama njia kwa macho ya dereva asiyekuwamo. Mtoto hujifunza jambo hilo upesi kwa sababu hajazoea bado kujiona kuwa ndiye katikati ya ulimwengu. Mtu mzima hujifunza polepole, kwa jasho, na faida yake ni kubwa kupita ya mtoto. Maana ni watu wangapi wenye umri wa kuheshimiwa wanaoweza kukiri kuwa kulia kwao ni kushoto kwa anayewajia? Baba mwenye nyumba, mwalimu mbele ya darasa, diwani mbele ya mkutano, kila mmoja wao hugonga ukuta kwa kutojua kanuni hii ndogo.

Baada ya gari hufuata tamaa ya anga, na Mtae huizidisha. Upepo utokao nyikani ukifika penye genge hauwezi kupita ndani ya mwamba, basi hupanda. Ndege ndogo ya mbao nyepesi isiyo na injini, ikitupwa katika mkondo ule wa kupanda, yaweza kukaa hewani muda mrefu, na mwongozaji akaielekeza kwa rimoti kwenda na kurudi sambamba na ukingo wa mlima. Wapenda mchezo wa nchi nyingine husafiri mbali kutafuta mteremko wa namna hiyo. Aliye na ndege nyuki hana haja ya kuungoja upepo, walakini ana mashaka yake: hewa ya mlimani ni nyepesi kuliko ya pwani, mapanga hushika kidogo, betri hufanya kazi zaidi, na dakika zake ishirini au thelathini hupungua. Asiyehesabu mapema jinsi ya kurudi hutazama mali yake ikiteremka nyikani, mahali pa kufikiwa kwa safari ya siku nzima.

Lakini akihesabu vyema, hupata kitu ambacho baba zake hawakukipata: huiona nchi yake kwa jicho la kunguru. Huona paa la nyumba yake, shamba la mahindi, msitu ulioliwa kandokando, na mifereji myekundu ambamo mvua imechukua udongo. Jambo hilo si dogo katika Usambara. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha katika bonde la Mlalo, jirani ya Mtae, mpango wa kuhifadhi ardhi, ukaenea baadaye sehemu nyingine za milima. Wakulima walilazimishwa kulima matuta ya kukinga mmomonyoko. Maradhi ya udongo yalikuwa ya kweli, lakini dawa ililetwa kwa amri na faini. Watu wakaikataa, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1961. Wakati ule anga ilikuwa ya mtawala. Yeye ndiye aliyekuwa na ramani, na mkulima aliambiwa habari za shamba lake na mtu aliyelitazama kwa mbali. Leo mtu wa kijijini aweza kuutazama mteremko wake mwenyewe kutoka juu, kwa hiari yake, mikononi mwake rimoti, na wanawe wakichungulia kioo begani pake. Yale aliyoyakataa babu kwa kulazimishwa, mjukuu aweza kuyaona kwa kucheza.

Haitakuwa insafu kuyapita malalamiko ya upande wa pili. Jicho la kunguru halichagui. Linaloona shamba huona pia ua wa jirani, bafu lisilo na paa na mwanamke anayeanika nguo. Kunguru hasemi alichokiona, kamera husema. Katika kijiji ambamo mtu hupiga hodi kabla ya kuingia, chombo kinachoingia kwa juu bila ya hodi ni kosa la adabu kabla hakijawa kosa la sheria. Tena ndege nyuki ikianguka huweza kujeruhi, na ikipanda mno huweza kukutana na ndege yenye watu ndani yake. Kwa hiyo serikali zimeweka mipaka. Katika Tanzania anayetaka kurusha hutakiwa kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na ruhusa ya Wizara ya Ulinzi. Na Kenya, baada ya miaka ya makatazo, ilitoa kanuni zake mwaka 2020. Mtae iko mbele ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, na ng'ambo ya hifadhi ile ni mpaka wa nchi mbili. Mahali kama hapo chombo cha angani kisicho na mwenyewe anayejulikana huleta wasiwasi, na wasiwasi huo una sababu.

Basi fundi wa Mtae ana njia mbili. Aweza kurusha kwa siri alfajiri, akawa mwizi wa anga yake mwenyewe. Au aweza kufuata kibali, akawaeleza majirani, akawaonyesha picha na kufuta wasizozipenda. Njia ya pili ni ndefu, ina gharama na karatasi nyingi, na wengine hukata tamaa katikati wakarudi kwenye gari lao la uani. Hawakupoteza kitu. Mchezo usiokubali masharti ni ubabe, na mtu mzima hutambulikana na mtoto kwa hili zaidi kuliko kwa ndevu: mtoto hucheza mpaka akatazwe, mtu mzima hujikataza mwenyewe ili aendelee kucheza.

Wako wanaoutetea mchezo huu kwa faida zake, na faida zipo. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani ili kupata ramani mpya, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuzirusha. Mwaka huo huo Rwanda ilianza kupelekea hospitali damu kwa njia hiyo. Mwaka 2018 ilitangazwa habari ya majaribio ya kuchukua dawa kutoka Mwanza mpaka kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa muda wa dakika 40 hivi. Yote hayo ni mema. Walakini kumwambia fundi kuwa acheze kwa sababu huenda siku moja mchezo ukawa kazi ni kumnyang'anya mchezo kwa mkono wa kushoto baada ya kumpa kwa mkono wa kulia. Kazi anayo tayari. Anachokosa ni saa moja ambayo hadaiwi na mtu, ambayo mikono yake hufanya jambo gumu kwa kupenda, na akili yake hutoka katika madeni ikaenda kukaa ndani ya chombo kidogo kinachopambana na upepo. Waswahili walisema kazi na dawa, wala hawakusema kuwa dawa ni ya watoto.

Kuzeeka hakuzuiliki, lakini kukauka huzuilika. Mti ukikauka hukakamaa, hauinami kwa upepo, na watu huusifu kwa unyofu wake mpaka siku uvunjikapo. Mtu naye aweza kuwa na heshima iliyokakamaa namna hiyo, akawa hacheki, hajaribu, hakosei mbele ya watu, wala hajifunzi tena. Anayethubutu kuligonga gari lake dogo ukutani mbele ya majirani, akaliokota na kuanza upya, amehifadhi ndani yake ubichi ambao miaka haikuuchukua. Kama ana kibali mkononi na haya usoni, kama hapotezi chakula cha watoto wala hachungulii ua wa jirani, jina la mtu mzima ovyo halimpati. Ovyo ni wakati upotezwao kwa chuki, kwa ulevi na kwa masengenyo, ambao hakuna anayeuuliza umri.