Harusi ndani ya parseli ya Bagira

Mupenzi musomaji wa Kamituga ao Mwenga, siku utafika Bukavu usiishie Ibanda ku masale makubwa. Panda gari la Bagira, siku ya posho magaribi.

Bagira ilijengwa katika miaka ya 1950, wakati wa Wabeleji: nyumba ndogo za kufanana, kila moja na parseli yake. Udogo ule njo ulifundisha watu urembo. Shitingi inafungwa toka paa mupaka ku muti wa avoka. Migomba miwili inasimamishwa ku mulango na majani yake yote. Jirani huyu analeta viti, yule sahani. Wamama wa jamaa wanavaa kikwembe cha namna moja. Yadi 6 zinatoa vikwembe 3, na kiisha harusi vitavaliwa miaka mingi. Gauni la kukodi linarudi kesho yake! Ku meza kuko bugali, sombe na sambaza. (Samaki huyu naye ni mugeni: alitolewa Tanganyika, akatiwa katika ziwa Kivu mwaka wa 1959.) Kasiksi nayo haikosi, siwezi kuficha, lakini juisi ya ndizi inapendeza vilevile.

Kijana, zahabu ya miaka miwili inaweza kuisha usiku mumoja, kwa sale na magari, bibi-harusi akaamukia deni. Tenga kwanza feza ya kitanda, ya sufuria, na ya kuandikisha ndoa ku komini. Yenye kubaki, nunua maua. Shitingi uombe kwa jirani. Ile ya harusi iliyopita ingali inaanikwa.