Pamba ya Nyanza na Nembo ya Taifa

Msafiri afikaye Mwanza, akiisha kuyastaajabia mawe makubwa yaliyopandana vilimani na Jiwe la Bismarck lililosimama majini, hana budi kukutana na neno pamba. Wilayani Nyamagana iko kata iitwayo Pamba, tena iko Barabara ya Pamba. Na vijana waijua zaidi timu ya mpira ya jina hilo, iliyorejea Ligi Kuu mwaka 2024.

Basi, ndugu msomaji, itazame nembo ya taifa letu, ile itundikwayo katika ofisi za serikali. Mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, nao wameshika pembe za ndovu. Miguuni pa mwanamume pana mkarafuu, na miguuni pa mwanamke pana mpamba. Mkarafuu hutambuliwa upesi, watu wakasema, "Hiyo ni Unguja na Pemba." Mpamba hupitwa kimya. Nami naona aliyeuweka upande wa mwanamke alipatia, kwani katika mashamba ya Kwimba na Misungwi pamba huchumwa kwa mkono, na mikono hiyo mingi ni ya kina mama.

Wako wasemao kwamba pamba ni mgeni. Ni kweli, mbegu ilimwayo leo asili yake ni Amerika. Lakini karafuu nayo ilitoka visiwa vya mashariki ya mbali, wala hapana aionaye ngeni! Isitoshe, ufumaji kwetu ni wa kale. Katika magofu ya Kilwa vimefukuliwa vigurudumu vya udongo vya kusokotea nyuzi, na Wafipa walifuma nguo za pamba kwa mikono kabla ya Wazungu kuingia. Ibn Battuta, alipopita pwani hii mwaka 1331, alikuta nguo za Mogadishu zikipelekwa hata Misri.

Wenyeji wa Nyanza nao waliifanya pamba kuwa yao. Katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kusini ya Mwanza, walizalishwa mipamba yenye majani ya vinyweleo ili wadudu wafyonzao wasipate pa kutua. Herufi UK katika majina ya mbegu hizo ni za Ukiriguru. Na wakulima walipochoka kupunjwa katika mizani ya wanunuzi, waliunda vyama vyao vya ushirika, vikaungana mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria, ambamo Paul Bomani alikuwa kiongozi mashuhuri. Hapa ndipo mpamba ulipostahili nembo, kwa maoni yangu: mkulima alijifunza kupima mzigo wake mwenyewe. Vyama hivyo vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa mwaka 1984, na mkulima aliumia katikati.

Kwetu Waislamu pamba ina heshima nyingine. Imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikafiniwa katika nguo tatu nyeupe za pamba zilizotoka Yemen. Hivyo nasi twamsitiri maiti wetu kwa nguo nyeupe, na iliyo nyepesi na safi ndiyo tuipendayo.

Sasa angalia majina ya nguo zetu. Ile nguo nzito isiyopaushwa twaiita marekani, kwa sababu katika karne ya 19 ililetwa Unguja na merikebu za Marekani. Mwanza palijengwa kiwanda cha nguo cha Mwatex katika miaka ya 1960, ili jina la namna hiyo lisihitajiwe tena. Hata hivyo sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa nje ikiwa haijasokotwa. Mzazi akienda na mwanawe dukani kununua bafta ya sanda, na amwulize mwenye duka imefumwa wapi. Mara nyingi atatajiwa nchi ya ng'ambo, na marobota ya Nyanza nayo yako njiani kwenda ng'ambo.